Jeki alianguka nikikimbia naye jua la Oktoba

Shikamoo Mama,

Mimi ni mtumishi wa serikali, mwanamke wa miaka 34. Mwezi wa saba nilihamishwa kutoka Arusha kuja Dodoma. Tunaishi Ilazo na ofisi yangu iko Mtumba. Nilihama na familia yangu pamoja na mbwa wangu Jeki, chotara wa German Shepherd mwenye miaka sita na kilo 38. Nimekimbia naye tangu ana mwaka mmoja. Arusha tulikuwa tunatoka saa kumi na moja jioni, tunapiga kilomita nane mpaka kumi, na tukirudi bado ana nguvu ya kukimbizana na watoto uani.

Tulipofika hapa Julai kulikuwa na baridi na upepo, tukaendelea na ratiba yetu ileile bila shida. Septemba joto likaanza, nikaona anahema zaidi, lakini nikasema atazoea kama mimi nilivyozoea.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba nilitaka kuwahi kurudi nipike, hivyo nikatoka saa kumi kamili. Nilimtoa kwenye banda lake jipya la bati tulilomjengea kando ya ukuta, nikampa bakuli zima la maji, nikafunga kamba yake kiunoni kwangu kama kawaida. Huwa namvalisha kifunga mdomo cha turubai tukiwa mtaani kwa sababu watu wanamwogopa, na baadhi ya majirani zetu ni Waislamu, sipendi awaguse kwa mate. Tukashika barabara ya lami.

Kilomita ya tano akaanza kubaki nyuma. Nikadhani anavivia, nikamvuta. Mbele kidogo akawa anayumba kama mlevi, miguu ya nyuma ikakata, akaanguka pembeni ya barabara. Povu lilimtoka, macho yake hayakunitambua. Mama mmoja muuza matikiti alikuja na ndoo ya maji, kijana wa bodaboda akampepea kwa boksi. Nilimvua kifunga mdomo, tukammwagia maji, nikamfunika na kanga iliyolowa. Baada ya kama nusu saa aliinua kichwa. Tukapanda bajaji kurudi nyumbani. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo aliniambia kwa simu nimpe Panadol, nikampa kidonge kimoja.

Sasa ni wiki mbili. Anakula, anakunywa, ila akitembea kidogo tu analala chini. Jirani aliyemwona siku ile anasema ni kichaa cha mbwa na anataka mwenyekiti wa mtaa aite watu wamuue. Jeki alichanjwa Septemba mwaka huu na kadi ninayo. Mume wangu anasema mbwa ni wa kulinda, si wa kukimbizwa. Mwingine ameniambia nimnyoe manyoya yote. Mwakani nataka kukimbia nusu marathoni, na sijawahi kufanya mazoezi bila yeye.

Mama, nilikosea wapi? Maji nilimpa. Je, nitakimbia naye tena?

Mkimbiaji wa Ilazo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umpe pole Jeki. Nimefanya kazi ya mifugo mkoa huu miaka mingi, kuanzia Mpwapwa mpaka Bahi, na nakuambia bila kuficha: mbwa aliyefika hatua ya kutomtambua bwana wake kwa sababu ya joto, wengi wao hawainuki. Yule mama wa matikiti na yule kijana walimwokoa. Ukipita pale tena, simama uwashukuru.

Nianze na la mwenyekiti wa mtaa, maana hilo halisubiri. Mbwa mwenye kichaa hapati nafuu baada ya nusu saa. Dalili zikishaonekana, mbwa hufa ndani ya siku chache, kwa kawaida hazifiki hata kumi. Jeki wako ana wiki mbili, anakula na anakunywa maji. Chukua kadi ya chanjo, nenda mwenyewe kwa mwenyekiti kwa heshima kabla hajaitwa na mtu mwingine, umweleze kilichotokea. Usimchukie jirani yako. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchi hii, na mtu aliyeona mbwa anayumba huku povu linamtoka ana haki ya kuogopa. Mwambie pia kwamba mtu yeyote akiumwa na mbwa, wa kwako au wa mwingine, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo.

La pili, Jeki hajapona. Kulala chini baada ya kutembea kidogo si uvivu. Joto kali likishampanda mbwa linaunguza ndani: figo, ini, utumbo, na hata uwezo wa damu kuganda. Madhara mengine hujitokeza siku ya pili au ya tatu wakati mwenye mbwa ameshashusha pumzi, ndiyo maana ilifaa aonwe na daktari jioni ileile hata baada ya kuinua kichwa. Wiki hii mpeleke kwa daktari wa wanyama aliyesajiliwa, si kwa muuza dawa. Mwombe apime damu na mkojo kuona ini na figo, asikilize moyo, na atazame pia homa ya kupe. Umetoka mkoa mmoja kwenda mwingine, umempitisha kwenye nyasi ngeni, na kupe wa huku wanaweza kumwachia mbwa ugonjwa wa damu unaomchosha taratibu bila wewe kujua. Inawezekana kabisa siku ile alitoka nyumbani tayari ana upungufu wa damu.

Panadol usirudie tena. Homa ya ugonjwa na joto la jua ni vitu viwili. Dawa ya homa haishushi joto la jua, na ini la mbwa haliwezi kuitengeneza dawa hiyo kama ini la mtu. Diclofenac na ibuprofen ni mbaya zaidi kwa figo zake. Mwambie daktari kwamba ulimpa kidonge kimoja, usione haya.

Sasa swali lako, ulikosea wapi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naishia kwenye maneno ambayo wewe umeyapitia haraka: kifunga mdomo cha turubai.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Vitezi vyake vya jasho viko kwenye nyayo, na hivyo ni vichache mno kumpoza. Anachotegemea ni kutweta. Anaachama, anatoa ulimi nje, anapitisha hewa haraka juu ya ulimi na ndani ya pua iliyolowa. Unyevu ule unageuka mvuke na kuondoka na joto la damu. Mdomo wake ndio mlango wa kutolea joto, na hana mlango mwingine wa maana. Kile kitambaa cha turubai kinachobana taya kilitengenezwa kwa ajili ya dakika chache, mbwa anapochomwa sindano au kukatwa kucha. Ukimvalisha akiwa amelala tu kivulini mwezi Oktoba utamtesa. Ukimvalisha halafu ukamkimbiza kilomita tano, umewasha jiko ukafunga mlango na madirisha. Bakuli la maji ulilompa lilikuwa tumboni. Hakuwa na njia ya kuyatumia maji hayo kumpoza.

Naelewa kwa nini ulifanya hivyo, na kuwajali majirani ni jambo jema, usiliache. Tafuta kifunga mdomo cha aina ya kikapu, chenye nafasi ambayo mbwa anaachama kabisa, anatoa ulimi wote na anakunywa maji akiwa amekivaa. Usipokipata dukani, fundi viatu mzuri anaweza kukushonea cha mikanda ya ngozi iliyoachana. Mpelekee Jeki mwenyewe apimwe akiwa ameachama, si akiwa amefumba. Kwa mbio, ni heri zaidi upite njia za mashambani zisizo na watu, mdomo ukiwa wazi kabisa.

Halafu kamba. Hili watu wa mjini hawalioni. Nenda kwa wafugaji wa Kigogo huko Bahi au Chamwino uangalie mbwa wanaofuata ng'ombe. Wanatembea umbali mrefu kuliko kilomita zako kumi, kwenye jua hilihili. Lakini mbwa yule hana kamba. Akiona mgunga wenye kivuli anajilaza, anachimba mchanga wa juu wenye moto mpaka afike wa chini uliopoa, anaweka tumbo lake pale. Akipata dimbwi anaingia na miguu yote. Saa sita ng'ombe wenyewe wanapumzishwa. Jeki alikuwa amefungwa kiunoni kwako. Alipoanza kubaki nyuma alikuwa anakuambia kwa njia pekee aliyokuwa nayo, ukamvuta, na yeye akaja kwa sababu wewe ndiye uliyemvuta. Sikusemi ili ulie, mwanangu. Nasema ili siku nyingine mbwa akibaki nyuma, mbio ziwe zimekwisha palepale, hata kama ni mita mia mbili kutoka getini.

Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walipitia kumbukumbu za zahanati za wanyama wakakuta kwamba karibu wagonjwa watatu kati ya kila wanne walioangushwa na joto waliangushwa na mazoezi, si na kufungiwa ndani ya gari kama wengi wanavyodhani. Na hiyo ni nchi ya baridi. Mbwa anayempenda mtu wake hukimbia mpaka aanguke.

Kuna na banda. Umesema ni la bati, kando ya ukuta. Nenda Jumapili saa nane mchana, ingia humo mwenyewe, ukae dakika tano. Kivulini Dodoma mwezi Oktoba na Novemba huwa digrii 31 au 32. Chini ya bati lisilo na dari, lenye ukuta unaozuia upepo, ni tanuri. Jeki alikaa humo tangu asubuhi. Saa kumi ulipomtoa, kwa macho yako mbio zilikuwa zinaanza, lakini mwili wake ulikuwa umeshapambana na joto kwa saa sita. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya digrii 38 na 39.2, na akipita 41 huku anayumba yuko hatarini. Hapo katikati pana nafasi ndogo sana, naye alishaila sehemu kabla hujafunga kamba za viatu. Huenda banda hilo lilichangia kumwangusha kuliko hata lami. Liezekeni kwa nyasi juu ya bati, au mlinyanyue bati na kuacha wazi pande mbili upepo upite, au mumwache ashinde chini ya mti akiwa na bakuli mbili za maji, maana mbwa hupindua bakuli.

Lami yenyewe huijui mpaka uiguse. Weka upande wa nyuma wa kiganja juu yake na uhesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zinaungua. Lami nyeusi hupita digrii 50 siku ambayo hewa haijafika hata 35, na hubaki na moto mpaka baada ya magharibi. Viatu vyako vina soli nene. Tena kichwa chako kiko juu penye upepo, tumbo lake liko chini karibu na moto.

Unauliza mbona wewe ulizoea na yeye hakuzoea. Arusha mjini iko mita kama 1,400 juu ya bahari, hapa tuko 1,100 na kidogo, na huku hakuna mawingu ya Meru ya kukukinga jioni. Mlikuja wakati wa kipupwe, kwa hiyo mwili wa Jeki ulijifunza Dodoma ya baridi. Kiangazi alikutana nacho Septemba, akiwa na manyoya mazito na ratiba ya mlimani. Mwili wa mbwa unahitaji wiki kadhaa za kazi nyepesi ndani ya joto ili uzoee, na hata ukizoea haugeuki kuwa wa mtu anayetoka jasho.

Manyoya usinyoe. Mbwa wa ukoo wa German Shepherd ana tabaka mbili, la chini laini na la juu gumu, na lile la juu linamkinga na jua lisimchome ngozi. Mchane kwa brashi kila siku mbili, utoe ya chini yaliyokufa. Inatosha.

Ikitokea tena, kwako au kwa mbwa wa jirani, fanya hivi. Ishara za mwanzo ni ulimi mrefu uliopanuka na kujikunja kingo, mate mazito, ufizi mwekundu sana, macho kukodoa, kutafuta kivuli na kugoma kwenda. Hapo simama. Akianza kuyumba, kutapika au kuanguka, usimpandishe bajaji kwanza. Mpoze kwanza. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mfululizo mwili mzima, zaidi tumboni, kwapani na mapajani kwa ndani, huku mwingine anapepea bila kuacha. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa tusitumie maji baridi kwa sababu ya mshtuko. Ushauri huo umeachwa kwa mbwa mwenye afya aliyeangushwa na mbio. Maji yoyote uliyo nayo ni mema, hata ya friji, kwani kinachomuua ni dakika anazobaki na moto. Kanga iliyolowa usimfunike nayo. Baada ya dakika mbili inapata joto lake na kuwa blanketi linalozuia mvuke kutoka. Mlaze juu yake, au uichovye na kumpepea nayo. Maji ya kunywa mpe kama kichwa anakiinua mwenyewe; ukimmiminia mdomoni akiwa hajitambui yanaingia mapafuni, na maziwa ni vilevile. Kama una kipimajoto, acha kumwagia akifika 39.5 au akianza kutetemeka. Ndipo bajaji, pande zote zikiwa wazi, mpaka kwa daktari.

Je, utakimbia naye tena? Nadhani ndiyo, kama figo na moyo viko salama, lakini si mwezi huu na si kama zamani. Mbwa aliyeangushwa na joto mara moja ni mwepesi kuangushwa tena. Mpaka majibu ya daktari yatoke, mtoe matembezi mafupi tu kwenye udongo baada ya saa moja na nusu usiku, ukiwa na mumeo au mtu mwingine kwa usalama wako. Baada ya hapo mwezi mzima wa kutembea. Kisha Jumamosi na Jumapili tu, mtoke saa kumi na mbili asubuhi jua linapochungulia na mrudi kabla ya saa moja: kimbia dakika mbili, tembea tatu, kwa dakika ishirini. Beba nusu lita ya maji na kibakuli chepesi, mpe kidogokidogo kila dakika kumi. Chakula ale baada ya kutulia pumzi, kamwe si kabla, kwa sababu mbwa wa kifua kirefu kama yeye tumbo lililojaa ugali linaweza kujipinda akikimbia, na hilo ni la kufa. Mkirudi kagua vidole vyake, mbigiri za huku hazina huruma.

Jihadhari na Desemba. Mvua za kwanza zikinyesha watu husema hali imepoa, lakini hewa inapojaa unyevu mvuke wa ulimi hautoki vizuri. Digrii 29 baada ya mvua zinaweza kumlemea kuliko 32 za Oktoba kavu. Juni na Julai ndiyo miezi yenu. Hapo mtarudi kwenye kilomita za kutosha.

Mazoezi ya nusu marathoni yafanye bila yeye siku za kazi, jioni, ukipata wenzako wa kukimbia nao. Utaona ugumu wiki za kwanza. Mumeo ana haki kwamba mbwa analinda, ila mbwa anayeshinda kwenye tanuri hawezi kulinda nyumba usiku, na hilo la banda mnaweza kulifanya pamoja Jumamosi hii kabla hata ya daktari. Niandikie majibu ya damu yakitoka. Na leo hii, kabla hujalala, mtoe bandani, umwekee beseni la maji baridi chini ya mti, umwache alale huko.